Viatu Viwili vya Mguu wa Kushoto

Gereza la Wanawake, Bweni la Akina Mama
6 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika. Imefunguliwa kama zote zinavyofunguliwa hapa, na afande aliyeisoma alicheka pale ulipomwita mjukuu wako mchumba asiyejua kupika. Amesema nikusalimie.

Ni barua yako ya kwanza tangu nihukumiwe. Sitaki kuiharibu kwa maneno, kwa hiyo nitajibu ulichouliza tu.

Umeuliza ana ukubwa gani. Mtu wa viatu haambiwi "mkubwa kiasi", kwa hiyo nimemkanyagisha kwenye karatasi niliyoiweka humu ndani nikachora unyayo, kama ulivyokuwa ukiwachora wateja. Nimekandamiza penseli usije ukafutika njiani. Huo ni wa kushoto. Wa kulia alinipiga nao teke la kidevu, nikaacha. Ana miezi kumi na moja, meno sita, na hasira ambazo sitaki kuuliza zimetoka ukoo gani. Humu wanamwita Sisimizi, maana ukimweka hapa unamkuta pale, na kila akiokotacho kinaenda mdomoni.

Umeuliza atakaa na mimi mpaka lini. Sheria ya hapa haihesabu miezi. Mtoto anakaa na mama yake mpaka atembee. Kwenye korido wamechora mistari miwili ya rangi nyeupe. Akivuka kutoka mmoja mpaka mwingine, hatua kumi, bila kushikwa wala kushika ukuta, mkuu wa gereza anatia sahihi. Ndani ya wiki mbili anakabidhiwa ndugu. Ndugu asipokuwepo, au akionekana hafai, anapelekwa kituo cha kulelea watoto. Mimi nabaki na miaka yangu tisa.

Lakini usiwe na wasiwasi, huyu bado sana. Kutembea hatembei, hata kusimama ni kwa kubembelezwa. Mvivu. Labda kakufuata wewe na kigoda chako.

Mwanao

*

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mvivu nani? Kigoda hiki nimekikalia miaka thelathini na minane, na nusu ya miguu ya mtaa huu inatembea kwa sababu mimi nimekaa. Mwambie mchumba wangu aache kunisingizia.

Ila umenitia mashaka. Wewe ulitembea na miezi tisa. Ulitoka mlangoni hapa, ukaenda peke yako mpaka kwa muuza mkaa, na mama yako, Mungu amrehemu, akakurudisha una kipande cha mkaa mdomoni, mweusi mpaka masikioni. Mama yako naye alitembea mapema. Sasa huyu anakaribia mwaka na hata kusimama ni kwa kubembelezwa? Miguu ina nini? Kisigino kinagusa chini vizuri? Usinifiche. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Unyayo nimeupata. Ulifanya vizuri kukandamiza penseli, mstari unashikika. Vidole vifupi, wayo mpana. Huo ni mguu wa kazi.

Usishangae herufi kubwa. Kalamu ni mbovu na meza inacheza.

Afisa ustawi wa jamii alikuja, binti mmoja na faili lake. Alitazama chumba, akatazama choo, akafungua sufuria. Akaniuliza nina maradhi gani. Nikamwambia maradhi yangu ni maswali. Ameandika kitu, akaniaga kwa adabu. Nadhani nimefaulu.

Kuhusu ile siku uliyorudi mlangoni kwangu, ningeandika, lakini karatasi imekwisha.

Baba yako

*

2 Aprili

Baba,

Hii haijafunguliwa na mtu. Imetoka ndani ya pindo la gauni la mwenzangu aliyemaliza kifungo leo, na yeye ndiye aliyekuletea mkononi. Mpe maji ya kunywa, ametoka mbali. Na kwa kuwa haisomwi na afande, hii ndiyo ya kweli.

Anatembea.

Alianza Februari, tarehe kumi na tisa, chumba cha kufulia. Alikuwa amejishikiza kwenye ndoo, akaiachia. Hatua nne, mpaka kwenye shuka lililoanikwa, akalikumbatia huku anacheka. Mama yeyote angepiga vigelegele. Mimi nilimrukia nikamkalisha chini kwa nguvu kabla mlango haujafunguliwa. Hakulia, Baba. Alinitazama tu, kama mtu anayetaka kujua kosa lake.

Tangu siku hiyo namfunga mgongoni. Namfunga kabla ya kuitwa majina asubuhi, namfungua tukishafungiwa. Nafua naye, naanika naye, napiga pasi naye. Ndiyo, wamenipa pasi. Mtu aliyemuua mumewe kwa pasi anapewa pasi, hapa hawana mzaha. Anajinyonga kwenye kanga, ananipiga mateke ya figo, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Juzi ameniuma bega, damu ikatoka. Anataka chini. Anataka kila kitu mwenyewe. Kijiko mwenyewe, kikombe mwenyewe, kitambaa cha kujifuta uso mwenyewe. Hayo namwachia, maana kujilisha uji hakumo kwenye sheria. Nusu unaingia sikioni, na anavyojisifu utadhani kapika yeye. Wenzangu wote wanajua na hakuna aliyesema. Akichomoka mikononi mwangu wanamzunguka, wanamwimbia mpaka akae.

Utasema ni ukatili. Sema. Lakini mtoto wa mwaka mmoja akitoka mikononi mwako leo, mwezi ujao hakujui. Wa miaka miwili labda atabaki na kitu, sauti, harufu ya sabuni, kitu chochote. Nataka miezi hiyo tu. Nikitoka hapa atakuwa na miaka kumi, na sitaki kwenda kujitambulisha kwa mwanangu kama mgeni aliyepotea njia.

Na unajua kwa nini sina haraka ya kumleta kwako. Nilikuja na sanduku, jicho moja limefumba. Ulifungua mlango upana wa uso wako, basi. Ukasema, "Hapa si kwako tena. Kwako ni kwa mumeo, rudi." Nikarudi. Wiki tatu baadaye ndiyo ikawa pasi. Kwa pasi sikulaumu, mkono ulikuwa wangu. Nakulaumu kwa mlango.

Ukinijibu usitaje kutembea. Jifanye hujui kitu.

Mwanao

*

4 Aprili

Mwanangu,

Sijapata barua yako nyingine, lakini sikuweza kukaa na mashaka. Ndani ya kifurushi hiki kuna viatu vya mchumba wangu. Ngozi laini juu, soli ngumu kiasi, na nimeinua nyuma ili kishike kifundo. Mtoto aliyechelewa anasaidiwa na kiatu, nimeona wengi. Nimevishona mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, sikutaka mkono wa mtu.

Avae kila siku. Ndani ya mwezi atakuwa anakimbia, na wewe utakuwa unamfukuza.

Baba yako

*

17 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hii nayo haijasomwa, imetoka kwenye pindo la mwenzangu mwingine. Viatu vimefika.

Kifurushi kilifunguliwa mezani, getini. Afande akaviinua juu akasema, "Babu wa watu anatuma viatu vya kutembelea kwa mtoto asiyetembea?" Akasoma karatasi yako kwa sauti, pale pa kukimbia akasoma mara mbili. Kesho yake tukaitwa kwenye korido.

Mkuu wa gereza alikuwepo, nesi wa zahanati alikuwepo, na afande na kitabu chake. Wakasema mtoto avishwe viatu vyake vipya, tumwone. Nikapiga magoti nikamvisha. Hapo ndipo nikaona. Baba, vyote viwili ni vya mguu wa kushoto.

Nikafunga kamba. Nikamweka kwenye mstari wa kwanza nikarudi nyuma kama nilivyoamriwa. Alivyokuwa na hamu! Alinyoosha mikono mbele kama anayekwenda kupokea zawadi. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu mguu wa kulia ukapinda, ukapanda juu ya mwenzake, akaenda kifudifudi kwenye saruji. Mdomo ukapasuka. Wakamsimamisha tena, akaanguka tena. Mara ya tatu hakutaka kusimama. Mkuu akaandika "bado", akasema tutaonana baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo ahsante kwa viatu. Atavivaa kila siku kama ulivyoagiza. Havitavuliwa.

Jambo moja. Nilikutumia unyayo mmoja. Fundi anakata wa kwanza, anaigeuza karatasi, anakata wa pili. Hata mimi najua, nimekulia chini ya meza yako. Wewe uliyekuwa ukifumua kiatu kizima kwa sababu ya sindano moja iliyopita pembeni, umesahau kugeuza karatasi?

Macho yako yakoje?

Mwanao

*

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Macho yangu yako usoni, pale pale Mungu alipoyaweka. Ilikuwa haraka, nimekosea, na mtu anayefanya kazi ndiye anayekosea. Tusilifanye hadithi.

Sasa nisikilize. Hii anaileta yule mgeni wako pindoni, haisomwi, na jibu mpe yeye. Barua zako nimezisoma. Nasema zote, ile aliyoileta mgeni pia. Nimeelewa. Na bado nakuambia, mvue viatu hivyo leo. Nakuambia kama fundi, si kama baba, maana kama baba sina mdomo. Mfupa wa mtoto wa umri huo ni laini kama mshumaa uliokaa juani. Mguu hauulizi kiatu kina makosa gani, unakifuata tu. Nimewahi kuletewa mtu mzima aliyevalishwa vibaya utotoni. Nilimtengenezea kiatu cha peke yake miaka ishirini, na hakuna siku aliyotembea bila maumivu.

Kuhusu lile la mlango, upana wa uso wangu, ni kweli. Nimelifikiria kila siku tangu siku ile. Nilidhani nakujenga.

Mvue.

Baba yako

*

9 Mei

Baba,

Viatu havivuliwi.

Wewe ndiye uliyeagiza avae kila siku, na barua yako ipo kwenye faili la gereza ina muhuri, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza. Anavivaa akiamka, anavivua akilala. Hajatembea, bado, kama ilivyoandikwa.

Unasema ulidhani unanijenga. Basi nimejifunza kwako, mtoto wa nyoka ni nyoka. Mzazi anaweza kumfanyia mwanawe jambo huku amefumba macho na anaamini ni heri. Wewe ulifunga mlango. Mimi nafunga kamba za viatu. Tusihukumiane.

Usiniandikie habari za mfupa.

Mwanao

*

20 Mei

Mwanangu,

Ni mimi, Mama Cherehani, jirani wa baba yako. Ulikuwa ukija kuniokotea sindano sakafuni kwa sumaku, sijui kama unakumbuka. Nakuandikia bila ruhusa yake. Akijua atanuna, na akinuna yeye mtaa mzima unaona.

Baba yako haoni. Yalianza kama moshi, sasa ni mwaka na zaidi. Jicho la kulia limekwisha kabisa, la kushoto linamwonyesha mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu. Daktari alimwambia mapema afanyiwe upasuaji, akasema hana nafasi, ana viatu vya watu. Sasa wanasema wamechelewa. Barua zako namsomea mimi, tena mara tatu tatu. Majibu anajiandikia mwenyewe kwa kuegemeza kalamu kwenye rula, na hataki niguse. Viatu vya mtoto alivikata kwa kupapasa ule mstari wako wa penseli. Nilimwambia, fundi, acha nikushikie karatasi. Akaniambia nishike cherehani yangu.

Alimficha afisa ustawi. Alihesabu hatua za chumbani usiku na mchana, binti alipokuja akamkuta anatembea kama kijana, anamwekea kiti, anamwonyesha choo. Mimi nilikaa kimya siku ile, na nimejilaumu. Kuficha ni kuficha, lakini hapa kuna mtoto. Ijumaa iliyopita nimekwenda ofisini kwa yule binti nikamwambia yote. Nikamwambia pia kwamba mlango wangu na wa baba yako unatenganishwa na ukuta mmoja, kwamba nimelea watano na wote wako hai, na kwamba kama wanataka sahihi ya mtu anayeona, wachukue yangu. Amekuja, ametazama kwangu, amechukua sahihi. Sasa tuko wawili kwenye faili. Baba yako hanisemeshi siku ya nne leo, lakini chakula changu anakula.

Sikuambii umtoe mtoto. Mimi si mama yake. Nakuambia tu kwamba siku akitoka, atafikia kwa watu, si kituoni.

Na wewe ndiye unayejua kuhusu miguu.

Mama Cherehani

*

2 Juni

Baba, na Mama Cherehani,

Shikamooni.

Nimepata barua.

Nesi alituita zahanati kwa ajili ya chanjo. Mtoto alikuwa na viatu. Akasema avuliwe apimwe uzito. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikuwa kimeingia chini ya mwenzake, kucha imeoza, na pembeni kuna kidonda kinanuka. Mimi nilikuwa nakiosha kila jioni na kukifunika na soksi. Nesi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hakuwa analia?" Nikamwambia hapana. Na ni kweli, alishaacha kulia.

Nilirudi naye chumba cha kufulia bila viatu. Nikamweka katikati ya sakafu, nikamwachia. Nikasema leo naona. Alikaa. Nikachukua kijiko chake, kile cha mwenyewe, nikakiweka hatua mbili mbele yake. Alikitazama kijiko, akanitazama mimi, kisha akanyoosha mikono juu abebwe. Huyu aliyenitoa damu begani ili ashuke. Nilitaka asitembee, na sasa hatembei. Nimeshinda. Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni nikalia mpaka wenzangu wakafunga mlango.

Siku nne nimekaa naye sakafuni peku. Nimeshika vidole, nimeachia, nimeshika. Siku ya tano alinuna, akaudhika, akanisukuma mkono. Akasimama. Anachechemea, lakini anakwenda.

Sasa nasema na mtu mwingine. Afande, najua wewe unaisoma hii kabla ya baba yangu. Nimeiandika ili uisome. Mwanangu anatembea. Anatembea tangu Februari, nami nimewadanganya. Hakuna mwingine aliyejua, andika jina langu peke yake. Jana alikwenda hatua ishirini na sita, kutoka kwenye ndoo mpaka mlangoni, akaupiga mlango kwa kiganja. Njoo na kitabu chako. Ila naomba asivae viatu.

Baba, yale niliyoandika kuhusu kufumba macho sikujua. Ningejua nisingeandika hivyo. Lingine lote nililisema nikijua.

Nimemwonyesha uso wangu kila siku, karibu sana, ili aushike. Anadhani ni mchezo. Ananishika pua.

Mwanao

*

27 Juni

Mwanangu,

Mkono ni wa Mama Cherehani, maneno ni yangu. Tumepatana. Nimemwambia aandike ninavyosema bila kuyapendezesha, naye ameniambia hana uzi wa kupoteza.

Amefika Jumatatu. Yule binti wa ustawi alimleta. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango tangu asubuhi, kazi sikugusa. Nikasikia gari, nikasikia binti anasema, "Shuka, nikubebe?" Halafu nikasikia kelele za mtu anayekataa kubebwa. Halafu nyayo. Mwanangu, nimesikiliza watu wanavyotembea maisha yangu yote, mguu unaouma naujua kabla mtu hajaketi. Huyu anautupa wa kulia kidogo nje. Alikuja hivyo mpaka kizingitini, akasimama. Niliufungua mlango wote, mpaka ukagonga ukuta.

Nikasema, "Ingia mwanangu. Hapa ni kwako."

Mama Cherehani akaniambia huyo ni mjukuu. Nikamwambia najua nilichosema.

Sikufichi kitu tena. Siku tatu za kwanza alilia kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Alizunguka chumba, chumba changu na cha jirani, akipiga kila mlango kwa kiganja, kisha anasubiri. Uji hakuutaka mpaka tulipompa kijiko mwenyewe. Siku ya nne alinyamaza. Jana amemwita Mama Cherehani mama. Sasa hivi Mama Cherehani anavyoandika mstari huu amesimamisha kalamu mara mbili. Nimeona afadhali ulisikie kwetu.

Kidonda kinapona. Kidole kitabaki kimelala kidogo, sitakudanganya, na sehemu ya lawama hiyo ni yangu. Namsugua kwa mafuta asubuhi na jioni. Anachukia. Viatu havai mpaka nesi aseme. Sishoni tena, nimetoa vyombo vyote kwa fundi wa mtaa wa pili. Nimebaki na kigoda. Yeye anakisukuma chumba kizima, anakitumia kutembelea. Mimi nakaa kitandani.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Safari hii ni miguu yote miwili, wa kulia na wa kushoto. Mama Cherehani aliushika mguu, mimi nikachora. Nitakutumia kila baada ya miezi mitatu mpaka utoke, ili ujue ana ukubwa gani. Nikiondoka kabla, atachora yeye.

Baba yako

*

10 Julai

Baba, na Mama Cherehani,

Shikamooni.

Nyayo zimefika. Afande aliniletea mkononi, hakusubiri zamu ya barua. Nimezibandika ukutani kwa uji, chini kabisa, pale alipokuwa akijishikiza. Ni kosa kubandika kitu. Afande aliziona akatazama dirishani.

Wa kulia mmeuchora vizuri. Nimekiona kile kidole.

Kwa udanganyifu nimeongezewa miezi mitatu, kwa hiyo karatasi ni moja zaidi.

Usiku mkono wangu bado unatafuta pale pembeni, halafu unakumbuka. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Mama Cherehani, mwache akuite alivyokuita. Usimrekebishe. Mtoto akiita mtu aitike, hilo ndilo kubwa. Siku akiuliza mwenyewe, mtamwambia.

Ombi langu ni moja. Akitaka kwenda nje, mwacheni aende. Mmoja amfuate nyuma, asimguse. Akianguka, mpeni muda ainuke. Msimbebe, tafadhali, hata akinyoosha mikono. Mimi nimembeba vya kutosha.

Mwanao